Benny na Mwongozo wa Majibu

Mtoto wa miaka 12 aliulizwa: 2/10 ukiiandika kwa desimali inakuwa ngapi? Akajibu 1.2. Na 5/10? 1.5. Hakusita wala hakubahatisha. Alikuwa na kanuni yake, na kanuni hiyo aliijua vizuri kuliko watoto wengi wanavyozijua kanuni tunazowafundisha sisi.

Katika maandishi ya elimu ya hisabati mtoto huyo anajulikana kwa jina moja tu, Benny. Alikuwa darasa la sita huko Marekani. Kisa chake kiliandikwa na Stanley Erlwanger, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Illinois, kikachapishwa mwaka 1973. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi huku Muheza, Tanzania, nafundisha darasa la tano na la sita, na kila nikikirudia kisa hiki nayaona madaftari yaliyo mezani kwangu. Nataka nikichambue taratibu, kwa sababu mara nyingi husimuliwa mbio mbio, watu wakacheka majibu ya ajabu ya mtoto wakaendelea na mengine. Majibu yale si ya kuchekwa.

Uzito wa kisa unaanzia hapa: Benny hakuwa mtoto wa nyuma. Erlwanger alikwenda kwenye darasa lile kuwasaidia watoto waliokuwa wanasuasua na kutafuta wanakwama wapi. Kwa shabaha hiyo, Benny hakuwa hata mtu wa kuketi naye. Alikuwa amewatangulia wengi, mwalimu wake alimhesabu miongoni mwa wanafunzi wake bora wa hisabati, na rekodi zake zilionyesha kwamba amefaulu hatua moja baada ya nyingine. Waliketi wakazungumza juu ya kazi aliyokuwa akiifanya siku zile, na mazungumzo yenyewe ndiyo yaliyofichua kilichokuwamo.

Shule ile ilitumia mpango ulioitwa IPI (Individually Prescribed Instruction, yaani mafunzo yanayopangwa kwa kila mtoto peke yake), uliobuniwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh miaka ya 1960. Wazo lake ukilisikia mara ya kwanza unalipenda. Darasa moja lina watoto wa mwendo tofauti, basi kila mmoja apewe karatasi zake, asome kwa kasi yake, na asivuke hatua kabla hajaimudu. Mtoto hufanya jaribio la kuanzia, hupangiwa kazi, hujaza karatasi za mazoezi peke yake, kisha msaidizi wa mwalimu huzisahihisha kwa kuzilinganisha na mwongozo wa majibu. Akipata asilimia 80 au zaidi anasonga mbele. Benny alikuwa kwenye mpango huo tangu darasa la pili. Piga hesabu: ni miaka minne ya kuzungumza na karatasi.

Sasa turudi kwenye ile 1.2. Benny alikuwa anajumlisha namba ya juu na ya chini, kiasi na asili, halafu anatafuta mahali pa kuweka nukta. Mbili na kumi ni kumi na mbili, basi 1.2. Tano na kumi ni kumi na tano, basi 1.5. Alipopewa 429/100 aliandika 5.29, maana 429 na 100 ni 529. Alipopewa 400/400 aliandika 8.00. Alipopewa 4/11 alisema 1.5, na sehemu hiyo ilipopinduliwa ikawa 11/4 alisema ni 1.5 vile vile. Alipotakiwa kurudi upande wa pili, aigeuze 0.5 iwe sehemu, alijibu kwamba inaweza kuwa 3/2 au 2/3, yoyote ile mradi namba mbili zikijumlishwa zifike tano.

Msomaji ambaye hafundishi anaweza kuona vurugu. Mimi naona utaratibu, na mkali. Kujumlisha hakujali nani ametangulia, kwa hiyo 4/11 na 11/4 lazima zilingane. Kila jibu linafuata kanuni ile ile bila kigeugeu. Mtoto mvivu hafanyi hivi. Huyu ni mtoto aliyejenga nyumba nzima, ikasimama, ikakosa msingi.

Na msingi uliokosekana ni mdogo mno: ukubwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama 400/400 ni kitu kimoja kizima au ni vitu vinane. Hakuna aliyemuuliza kama 5/10 ni zaidi ya moja au ni pungufu. Angeulizwa hivyo hata mara moja katika miaka ile, naamini angesimama akafikiri, kwa sababu akili ya kufikiri alikuwa nayo. Kwake sehemu zilikuwa tarakimu mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na desimali ilikuwa tarakimu zenye nukta. Kazi ilikuwa kuhama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine.

Lipo jibu lake moja ambalo ningependa kila mwalimu alibandike ukutani. Aliulizwa 0.3 kujumlisha 0.4. Akasema 0.07. Sababu yake ilikuwa kwamba kuna nukta mbili, moja mbele ya 3 na moja mbele ya 4, kwa hiyo jibu lazima liwe na tarakimu mbili baada ya nukta. Sasa mpe kuzidisha: 0.7 mara 0.5. Anasema 0.35, na amepata. Mpe 0.2 mara 0.3 mara 0.4. Anasema 0.024, na amepata tena. Kanuni ya kuhesabu tarakimu zilizo nyuma ya nukta ni ya kweli kwenye kuzidisha, na sisi wenyewe tunaifundisha kwa maneno hayo hayo. Benny aliichukua kanuni njema akaihamishia kwenye kujumlisha, mahali ambapo si kwake. Angejuaje kwamba si kwake, wakati hakuwahi kuambiwa kwa nini inafanya kazi kule ilikotoka?

Kwa nini basi, mwalimu? Sehemu ya kumi ya sehemu ya kumi ni sehemu ya mia. Gawa shamba vipande kumi, kisha kila kipande ukigawe tena kumi, unapata vipande mia. Ndiyo maana ukizidisha sehemu za kumi kwa sehemu za kumi jibu linashuka kwenye sehemu za mia. Ukijumlisha, vipande vya kumi vinabaki vipande vya kumi: vitatu na vinne ni saba. Maelezo hayo hayachukui hata nusu ya kipindi. Lakini karatasi ya mazoezi haielezi. Inauliza na kungoja jibu.

Benny huyo huyo, akipewa 3/10 na 4/10 ajumlishe kama sehemu, alipata 7/10 bila shida. Maana yake jibu sahihi la 0.3 kujumlisha 0.4 alikuwa nalo, limekaa chumba cha pili, na hapakuwa na mlango kati ya vyumba hivyo viwili. Sehemu zilikuwa na karatasi zake, desimali zilikuwa na zake. Alifaulu kotekote, kila karatasi kivyake.

Na lipo hili: 2/1 kujumlisha 1/2. Benny alisema ni 1, kwa sababu juu kwa juu unapata 3, chini kwa chini unapata 3, na 3/3 ni 1. Litoe jibu hilo kwenye karatasi ulipeleke jikoni. Una mikate miwili, jirani anakuongezea nusu mkate, unageuka unakuta umebakiwa na mkate mmoja. Hakuna mtoto duniani atakayelikubali hilo mezani. Kwenye daftari wanalikubali kila siku.

Mtoto mwenye majibu kama haya alifikaje mbele ya wenzake? Jibu liko kwenye jinsi alivyouelewa mwongozo wa majibu, na hapa ndipo Benny mwenyewe anapoyatafakari maendeleo yake kwa sauti. Nadhani sehemu hii ina maana kuliko hesabu zake zote.

Benny alikuwa amegundua jambo la kweli. Alijua kwamba 1/2 na 2/4 ni kitu kimoja. Alijua pia kwamba mwongozo una jibu moja tu, na msaidizi anayesahihisha hana ruhusa ya kutazama zaidi ya mwongozo. Ukiandika 2/4 mahali walipoandika 1/2, unapewa kosa, na wewe unajua umepata. Alimweleza Erlwanger hayo kwa uchungu. Alipoulizwa kama basi kutafuta majibu ni kama mchezo, alikubali kwa nguvu, akatumia msemo wa kwao wenye maana ya kufukuza kisichokamatika. Alipoulizwa yeye angependa kuandika jibu lipi, alipaza sauti: lolote, mradi anajua kwamba linaweza kuwa sahihi.

Hapa sina budi kusimama, kwa sababu naona ndipo mambo yalipoharibikia. Mtoto yuko sahihi: 1/2 na 2/4 ni namba moja. Amepewa kosa. Hakuna mtu wa kumwambia, "Uko sawa, mwanangu, ila walitaka uirahisishe." Siku ya pili anapewa kosa kwa 0.07, na safari hii amekosa kwelikweli. Alama ni ile ile. Anajuaje kwamba kosa la jana lilikuwa la namna ya kuandika na la leo ni la hesabu yenyewe? Hana njia. Kwa hiyo anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: anahitimisha kwamba majibu yake yote ni sahihi kwa namna fulani, na kazi iliyobaki ni kubahatisha ni namna ipi mwongozo unaitaka. Akikosa, anabadilisha jibu mpaka lilingane. Kosa likawa halimfundishi tena kitu. Likawa kama mlango uliofungwa tu. Unajaribu funguo mpaka mmoja ukubali.

Vema nazo zikapoteza maana kwa njia hiyo hiyo. Mtu akipata kwa kujaribu funguo, vema inamwambia ufunguo umekubali. Haimwambii chochote kuhusu kilichomo chumbani.

Erlwanger alimuuliza pia kuhusu kanuni. Benny alisema kwenye sehemu peke yake wana kanuni 100 za aina tofauti. Zilitoka wapi? Zilitungwa na mtu fulani mwenye akili sana. Ilimchukua muda gani? Labda miaka 50, kwa sababu ilimbidi azifanye hesabu zote ndipo apate kanuni zake. Ukiyasoma majibu haya unaweza kutabasamu, lakini tafakari yanavyosema juu ya mtoto mwenyewe. Katika picha hiyo ya hisabati, yeye Benny hayumo kabisa. Yuko mtu mmoja wa kale aliyejua, yuko msaidizi mwenye mwongozo, na yuko mtoto anayepokea. Wazo kwamba yeye angeweza kukaa chini na kijiti na mchanga akajua kwa nini tatu za kumi na nne za kumi ni saba za kumi, halipo. Miaka minne ya kufaulu ndiyo iliyomfundisha hivyo.

Wanaokisimulia kisa hiki kama hukumu dhidi ya mpango mmoja wa Marekani wa zamani, mimi siendi nao mpaka mwisho. Mwongozo wa majibu si adui. Ninao kabatini, na bila huo nisingeweza kusahihisha madaftari zaidi ya 80 kabla ya kengele ya asubuhi. Shida ya Benny ilikuwa kwamba mwongozo ndio pekee uliokuwa unamjibu. Mwalimu alikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa imegeuka kuwa ya kupanga karatasi na kutunza kumbukumbu. Wenzake walikuwepo, lakini kila mmoja alikuwa kwenye ukurasa wake, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia, "Mbona mimi nimepata 0.7?" Mpango uliokusudia kumjali kila mtoto peke yake uliishia kumwacha peke yake.

Na sisi huku tusijione tumepona kwa kuwa hatuna karatasi za IPI. Mwaka 2012 mtihani wetu wa kumaliza darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, mtoto akaweka kivuli kwenye herufi, hata kwenye Hisabati. Baadaye maswali ya kuonyesha njia yalirudi, nikashukuru. Majirani zetu Kenya walikuwa na KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, tangu 1985 mpaka 2023, na karatasi ya hisabati ilikuwa maswali 50 ya kuchagua herufi. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa namna hiyo anajifunza mapema sana kwamba jibu limeshaandikwa na mtu mwingine, liko kati ya herufi nne au tano, na yeye kazi yake ni kulinusa. Nimewaona wanaopanda mlima huo vizuri sana. Nimewauliza wamepataje, wakanitazama kama niliyeuliza swali lisilo la adabu.

Maneno yetu ya darasani nayo yana mchango. Wengi tunasoma 5/10 kama "tano juu ya kumi." Hayo ni maelezo ya mahali tarakimu zilipokaa. Mtoto anaona vitu viwili, kimoja ghorofani na kingine chini, na vitu viwili vinaalika kujumlishwa. Ukisema "sehemu tano kati ya kumi," unaanza kuliona chungwa limekatwa. Sisemi kwamba neno moja litamwokoa mtoto, ila nimeacha kusema "juu ya" kwa wiki kadhaa za mwanzo wa mada, na naona tofauti kwenye maswali wanayouliza.

Mwaka jana nilikuwa na binti wa darasa la tano ambaye kwenye matokeo ya wiki alikuwa hatoki kwenye kumi bora. Siku moja nikakuta kwenye daftari lake 1/2 + 1/4 = 2/6. Kawaida ningetia kosa nikaendelea. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kukisoma tena kisa cha Benny, nikamwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze hii umeipataje."

"Nimejumlisha juu kwa juu, na chini kwa chini."

"Sawa. Mama akikutuma dukani sukari nusu kilo, kabla hujatoka akasema ongeza na robo, utamwambia mwenye duka akupimie ngapi?"

"Robo tatu, mwalimu." Alijibu hata sijamaliza.

"Na hapa daftarini umeandika ngapi?"

"Mbili juu ya sita."

"Mbona si robo tatu?"

Akaniangalia, akaangalia daftari, akasema kwa sauti ya kunionea huruma: "Hapa ni hesabu, mwalimu."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo. Binti huyu anajua kujumlisha sehemu. Anajua tangu alipoanza kutumwa dukani. Lugha yetu imempa nusu, robo, robo tatu, na mizani ya dukani imempa ukubwa wake. Kisha shule ikampa kitu kingine kinachoitwa hesabu, chenye sheria zake, kisichohusiana na sukari. Jibu lake la 2/6 ni theluthi moja: ameanza na nusu, ameongezewa, ameishia na kidogo kuliko alichoanza nacho. Dukani angegoma kulipa.

Nilichofanya si kikubwa. Siku iliyofuata sikugusa Kigawe Kidogo cha Shirika, ile njia ya kuzifanya namba za chini zilingane kabla ya kujumlisha, ingawa ratiba ya mada ilinitaka. Niliandika ubaoni 1/2 + 1/4 = 2/6, sikusema ni ya nani, nikawauliza: aliyeandika hivi amewaza nini? Wakaeleza mara moja, kwa sababu wengi wao nao wangeandika hivyo hivyo. Nikauliza: jibu hili ni kubwa kuliko nusu au ni dogo? Kimya. Tukakunja karatasi. Ukanda mmoja kwa nusu, mwingine kwa robo, mwingine kwa sita. Mvulana wa dawati la nyuma akapaza sauti kwamba mbili kati ya sita haifiki hata kwenye mkunjo wa nusu. Darasa likalipuka. Kipindi kiliisha hatujafanya hata swali moja la kitabuni, na mwalimu wa somo lililofuata alisimama mlangoni akisubiri wanyamaze.

Kwa desimali nilileta chupa tupu ya maji ya lita 1.5. Desimali ni ngumu kwetu kuliko sehemu, nadhani kwa sababu senti zimetoweka mikononi mwa watu. Mtoto hakutani na nukta popote isipokuwa kwenye vifungashio. Nikawauliza ile tano baada ya nukta ni nini. Wapo waliosema lita tano. Tukajaza chupa kwa kopo la nusu lita, kopo tatu, wakahesabu wenyewe. Benny angekuwepo ningempa yeye kopo.

Tangu hapo, kabla ya kufanya hesabu yoyote ya sehemu au desimali, wanaandika pembeni neno moja: kubwa au ndogo. Jibu litakuwa zaidi ya moja au pungufu? Kuhusu kusikiliza, siwezi kumsikiliza kila mtoto kila siku, darasa haliruhusu. Nawaita watano kwa wiki, dakika tatu tatu wakati wengine wanafanya zoezi, na siwaiti waliokosa tu. Nawaita pia waliopata zote. Hao ndio ninaowahofia zaidi sasa.

Nilibadilisha na kitu kimoja kwenye daftari la tafakari. Tulikuwa tunawaambia watoto waandike mwisho wa mwezi wamejifunza nini, nao wanaandika kile wanachojua kinampendeza mwalimu: nimeelewa sehemu vizuri, namshukuru mwalimu wangu. Ukiuliza darasa zima "Mmeelewa?" unapata "Ndiyo, mwalimu!" kwa kiitikio, na daftari lilikuwa kiitikio hicho hicho kwa maandishi. Sasa nawauliza maswali matatu. Zamani ulikuwa unafikiri nini? Sasa unafikiri nini? Wapi bado hujui kwa nini? La tatu ndilo gumu. Mwezi wa kwanza karibu wote waliliacha wazi, na wachache waliandika "hakuna." Nikalazimika kuwaeleza kwamba anayeandika asichokijua hapunguziwi alama, na kuwathibitishia kwa vitendo kwamba ni kweli, maana watoto hawaamini ahadi ya namna hiyo mpaka wameiona ikitimizwa kwa mwenzao.

Binti yule wa sukari aliandika hivi, na amenipa ruhusa niandike: "Zamani nilikuwa najumlisha juu kwa juu na chini kwa chini kwa sababu ni rahisi na wakati mwingine napata. Sasa naanza kwa kuuliza ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo. Hesabu ya dukani na hesabu ya daftari ni moja. Bado sijui kwa nini tukigawanya sehemu tunageuza ya pili juu chini. Nafanya tu na napata vema."

Nilisoma mstari wa mwisho mara tatu. Hakuna aliyemlazimisha kuuandika; angeweza kunyamaza na vema zake akaendelea kuwa kwenye kumi bora.

Jumatatu tunaanza na swali lake. Nimeazima mizani kwa mwenye duka wa jirani na shule, na jiwe la robo. Nitaweka nusu kilo ya sukari mezani na kumpa yeye akae mbele. Nusu kilo ina robo ngapi ndani yake?